Korosho Zikishauzwa, Bahari Nayo Imetulia

Ukisimama pale Shimo la Mungu, Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, bonde la Ruvuma lote liko chini ya miguu yako na ng'ambo yake ni Msumbiji. Bahari huioni. Lakini mto ule unakwenda huko huko, na unapoingia baharini si mbali na Mnazi Bay, ghuba yenye matumbawe ambayo watu wa Ulaya wangeilipia fedha nyingi kama ingekuwa kwenye vipeperushi vyao. Likizo wanazouziwa zinajulikana: kikundi cha watu wanane, kiongozi mmoja, juma zima la kuhama kisiwa hadi kisiwa, asubuhi wakipiga makafi, mchana wamelala kifudifudi juu ya maji wakichungulia samaki. Mtu wa Newala au Masasi, aliye mbali na ghuba hiyo kwa mwendo usiomaliza siku, mara nyingi ameiona Mtwara kwa sababu ya mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Ligula au mzigo wa bandarini, akarudi bila kulowesha vidole.

Nadhani anajipunja, na sababu yangu ni kalenda.

Kusi huanza kuvuma Aprili au Mei, na kufika mwishoni mwa Septemba huwa umechoka. Kaskazi haushiki vizuri hadi Desemba. Kati ya hizo pepo mbili kuna maleleji, majuma ya upepo mdogo usiojua unakotaka kwenda, na hapo bahari ya kusini hutulia na maji yakawa maangavu kiasi kwamba ukiwa ndani ya mashua unaona kivuli chake kikitembea mchangani. Miezi hiyo hiyo, Oktoba na Novemba, ndiyo minada ya korosho ya vyama vikuu vya ushirika, MAMCU na TANECU, inapopamba moto. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mwaka 2007, fedha za mkulima hufuata mnada. Kwa hiyo kwa majuma machache mfuko una kitu, bahari imetulia, na mvua kubwa haijashuka. Najua fedha hizo zina wenyewe: bati, ada, pikipiki, madeni. Siwaambii watu waziache bati. Ila kikundi cha kuweka na kukopa chenye watu sita au wanane kinaweza kuanza kuchanga tangu Januari, na mashua ikikodiwa na wanane, kila mmoja hulipa kidogo.

Uoga wa bahari huku juu una historia, na si haki kuucheka. Misafara ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilipita nchi hizi ikielekea Kilwa, Lindi na Mikindani. Kukaa juu ya uwanda, ndani ya vichaka vizito na mbali na mito, kulikuwa kinga. Gharama yake ilikuwa maji, na waliolipa gharama hiyo ni wanawake walioshuka bondeni na vyombo kichwani. Masasi, ambayo kwa kweli iko chini ya uwanda, katikati ya majabali, ilianza kama kijiji cha misheni mwaka 1876. Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alifika na watu waliokombolewa kutoka utumwani, akitokea Zanzibar. Waliwahi kuvushwa bahari kwa nguvu, wakarudishwa kwa bahari hadi Lindi, kisha wakapanda bara kwa miguu. Hata huko hawakuachwa: mwaka 1882 Wangoni walioitwa Wamagwangwara waliishambulia misheni na kuchukua mateka. Wazee wa namna hiyo wasingewasimulia wajukuu wao kwamba pwani ni mahali pa kwenda kujipumzisha.

Ongeza jambo moja la kawaida zaidi. Newala maji husukumwa kwa pampu kutoka chanzo cha Mitema, bondeni, na mtoto wa huko hukua akiyahesabu kwa ndoo. Atajifunzia wapi kuogelea?

Kwa hiyo safari hii haianzi na mashua. Inaanza na maji ya kiunoni, Msimbati, ufuko mrefu wa mchanga mweupe kusini-mashariki mwa mji wa Mtwara, na siku nzima ya kwanza itumike hapo bila haraka. Miwani ya kuzamia ijaribiwe nchi kavu: iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua, ikishika yenyewe, inakufaa. Mate yapakwe ndani ya kioo kisha kisuuzwe, la sivyo kitajaa ukungu na hutaona hata mguu wako. Mrija wa kupumulia unawasumbua wengi kwa sababu moja tu, mtu hukumbuka pua. Funga kabisa habari za pua. Simama majini hadi kiunoni, inama, weka uso ndani ya maji, pumua kwa mdomo taratibu mpaka moyo uache kukimbia. Baadaye jaketi la kuokolea livaliwe na kufungwa vizuri, mwenzio akushike mkono, miguu iachwe inyanyuke yenyewe. Maji ya chumvi hukubeba kuliko unavyodhani. Anayepigana nayo ndiye huchoka.

Watu wazima huona haya katika hatua hii, hasa mbele ya watoto wa Msimbati wanaopita wakizamia bila chombo chochote. Waacheni wacheke. Kina mama nao wasidhani kuna vazi maalumu la lazima. Shati la mikono mirefu na suruali ya kubana vinatosha na vinakinga jua, ambalo juu ya maji huunguza mgongo kimya kimya. Kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana wa Kiislamu kuogelea wakiwa wamejistiri tangu kichwani hadi miguuni, na kitambaa hakikuwazuia.

Jambo la pili ni maji kujaa na kupwa, na hili mgeni kutoka bara hulipuuza hadi akwame juu ya mchanga saa sita mchana. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hali hugeuka: asubuhi maji yamejaa, wala mkondo hauna nguvu nyingi. Kikundi cha wanaojifunza kije siku za maji mafu. Asubuhi unaelea juu ya matumbawe bila kuyagusa, na mkondo haukuburuti kwenye mlango wa ghuba. Siku za bamvua ni za wanaotaka kutembea mwambani na kuona akina mama wakitafuta pweza. Nayo ni safari nzuri, ila ni nyingine.

Mnazi Bay na mdomo wa Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, eneo la kilomita za mraba 650 hivi, maji na nchi kavu pamoja na vijiji vyake. Utajiri wake una sababu. Mkondo mkubwa wa Ikweta ya Kusini huvuka Bahari ya Hindi yote, ukafika kwenye pwani hii ya mpakani, ukagawanyika, tawi moja likapanda kaskazini kuelekea Mafia na Unguja, jingine likashuka Msumbiji. Vizazi vya matumbawe na samaki hupanda mkondo huo kama abiria. Ukitumbukiza uso hapo utaona changu, tasi, chewa aliyejificha pangoni, kiti cha pweza mwekundu mchangani, na ukibahatika kasa. Tega sikio pia. Ule mlio wa kutafuna ni wa pono, anaumega mwamba kwa mdomo wake mgumu na kuutoa kwa nyuma ukiwa mchanga. Sehemu ya ufuko uliokalia imepita tumboni mwa pono.

Utaona na makovu. Joto la mwaka 1998 liliyababua matumbawe ya pwani nzima ya Afrika Mashariki. Halafu kuna baruti. Kwa miaka mingi Mtwara ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizosifika kwa uvuvi wa mabomu, na bomu moja huacha shimo la vifusi ambapo hapaoti kitu kwa muda mrefu. Msako ulikaza kuanzia 2016 na milipuko ikapungua sana. Wavuvi wasiowahi kugusa baruti nao walibanwa na masharti ya hifadhi, wakapoteza maeneo yao ya zamani. Ndiyo maana nasisitiza mashua ikodiwe kijijini, kwa nahodha wa hapo hapo, na chakula kinunuliwe hapo. Ushuru wa hifadhi ulipwe ofisini na risiti ichukuliwe. Mtanzania hatozwi kama mgeni wa nje.

Ndani ya ghuba kuna visiwa vidogo: Namponda, Mongo, Membelwa. Havina hoteli, na ni heri. Havina kisima, na hapo mtu wa Newala ana ujuzi ambao mtalii hana, anajua kupima maji ya kunywa ya watu wanane kwa siku mbili bila kukosea. Anayetaka kulala huko aombe ruhusa kwa watu wa hifadhi kabla ya kubeba hema.

Kuhusu makafi, usisubiri kayaki ya plastiki. Mtumbwi wa mti mmoja upo kila kijiji, na kwa asiyezoea ni bora ngalawa, maana matengo yake mawili huizuia isipinduke. Kaeni chini kabisa, magoti yakibana ubavu. Wa mbele ndiye anayeshika mwendo na wengine wanamfuata. Wa nyuma anaongoza. Kafi liingie majini karibu na ncha ya mguu na kutoka kwenye nyonga. Ukilivuta hadi nyuma ya mgongo unajichosha bure. Nguvu itoke kiunoni, si mikononi, jambo ambalo aliyewahi kulima kwa jembe la mkono hahitaji kufundishwa. Wimbi lipokeeni kwa pua ya chombo, si kwa ubavu. Chombo kikipinduka, shikamaneni nacho. Hakuna kuogelea kwenda nchi kavu hata ikionekana karibu. Uraka, pombe ya mabibo, ambao msimu wake ni huo huo, ubaki Tandahimba mpaka mtakaporudi. Nahodha akisema turudi, mwalimu mkuu na mwenyekiti wa chama cha ushirika wote wanarudi.

Kwa kuanzia mazoezi ya makafi, siku ya pili, naipendelea ghuba ya Mikindani kuliko Msimbati. Imefunikwa na nchi pande karibu zote, ina mikoko, na mawimbi ya nje hayafiki. David Livingstone alitia nanga hapo mwaka 1866 alipoanza safari yake ya mwisho, na juu ya mji bado liko boma la Wajerumani la mwaka 1895, sasa ni nyumba ya wageni. Siku ya tatu vukeni na pantoni kutoka Mtwara hadi Msangamkuu, ambako kuna mchanga mzuri na pweza wa kuchoma. Siku zinazobaki ziwe za Msimbati na visiwa. Msishangae kukutana na mitambo karibu na minazi: gesi iligunduliwa hapo mwaka 1982, na tangu 2015 bomba linaipeleka Dar es Salaam.

Wenye siku nyingi zaidi wapande hadi Kilwa. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara vimo katika Urithi wa Dunia tangu 1981, na njia ya mashua kati yake hupita kwenye mikoko na visiwa vyenye magofu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Kwa msafiri huyu wa kwetu, hata hivyo, kivutio kikubwa ni Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ndani yake, juu ya jabali linalotazama bahari, kuna birika la kuogea lenye pembe nane, la karne ya 14. Anayedhani kujiburudisha na maji ni mambo ya wazungu apelekwe akae ukingoni mwake dakika chache.

Kuna mipaka ya kuheshimu. Tangu vita vya Cabo Delgado vilipoanza mwaka 2017, na hasa baada ya kijiji cha Kitaya kushambuliwa Oktoba 2020, mdomo wa Ruvuma si mahali pa kwenda kwa kubahatisha. Ulizeni serikali ya kijiji na ofisi ya hifadhi, mkikatazwa mbaki upande wa visiwa. Aprili na Mei epukeni. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kiliwakimbiza watu wa Mtwara majumbani mwao, na Hidaya cha Mei 2024 kilikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam kwa siku kadhaa.

Walimu, ambao likizo yao ndefu ni Desemba, wajitahidi iwe nusu ya kwanza ya mwezi. Mvua zikishika, Ruvuma hushuka na udongo wa bara nzima, upande wa kusini wa ghuba ukageuka rangi ya chai ya maziwa, na miwani haina kazi tena mpaka masika yaishe. Atakayekosa kabisa aje Agosti au Septemba. Kuogelea kutakuwa kwa shida kwa sababu ya kusi, lakini nyangumi hupita nje ya Msimbati na watoto wao, na kuwaangalia kutoka ufukweni hakuhitaji jaketi.