Kidonda kimepona, mbona maumivu hayaishi?

MCHUKULIE mama mchumaji wa majani chai katika miteremko ya Kangema, Kaunti ya Murang'a. Alijifungua kwa njia ya upasuaji zaidi ya mwaka mmoja uliopita na kovu lake limekauka vyema. Hata hivyo, asubuhi za Julai ukungu unaposhuka kutoka Milima ya Aberdare, na nailoni aliyojifunga kiunoni ikamgusa tumbo, huhisi kana kwamba amepakwa pilipili kwenye jeraha bichi. Zahanati humpa parasetamoli. Nyumbani huambiwa anatafuta kisingizio cha kukwepa kazi.

Mama wa aina hii hajisingizii ugonjwa. Anaugua neva.

Ngozi haiwezi kupasuliwa bila kukata nyuzi ndogo za neva, yaani mishipa inayopeleka hisia kwenye ubongo. Nyingi hupona. Neva iliyokatwa huota tena polepole, kadiri ya milimita moja kwa siku, ndiposa ganzi kando ya kovu huweza kudumu kwa miezi. Lakini kuna zinazonaswa ndani ya kovu au na uzi wa kushonea, na nyingine huota ovyo na kufanya fundo. Neva kama hiyo hutuma ishara za maumivu ingawa hakuna kinachoumia, mithili ya kengele ya mlango inayolia ilhali hapana mgeni. Uti wa mgongo na ubongo nao huzidisha kelele hiyo, hata mguso wa shuka ukawa mateso.

Inakadiriwa kuwa takriban mtu mmoja kati ya kumi waliopasuliwa hubaki na maumivu ya kudumu, ingawa si yote yanayotokana na neva. Hatari huongezeka kwa waliokatwa mguu, waliotolewa titi, waliofunguliwa kifua na waliotibiwa ngiri ya kinena. Si lazima daktari awe amekosea. Neva nyingine ni nyembamba kama unywele. Hapa Afrika, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na kuhusisha nchi 25 ulionyesha kuwa theluthi moja ya upasuaji ulikuwa wa kujifungua. Kwa hivyo wanaobeba mzigo huu mara nyingi ni akina mama wenye watoto wachanga.

Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) limeyapa maumivu haya nafasi yake katika orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022: ni yale yanayopita miezi mitatu baada ya upasuaji, pasipo sababu nyingine kama usaha au saratani.

Mgonjwa anapomwambia daktari "naumwa" tu, hupewa dawa ya maumivu ya kawaida, ambayo aghalabu haifui dafu hapa. Afadhali aeleze: yanachoma kama moto, yanapiga kama umeme, kuna ganzi, baridi huyazidisha. Maneno hayo ndiyo humwelekeza daktari kwenye neva.

Dawa zinazosaidia ziliundwa kwa maradhi mengine. Amitriptilini ni ya sonona, gabapentini ni ya kifafa. Hapo ndipo wengi hukasirika wakidhani wameitwa wendawazimu, wakazitupa tembe baada ya siku tatu. Amitriptilini huanzwa kwa kipimo kidogo usiku na nafuu huchukua wiki kadhaa. Hukausha mdomo na kuleta usingizi, na mwenye ugonjwa wa moyo sharti amwarifu daktari kwanza. Gabapentini haichanganywi na pombe, wala haiachwi ghafla. Anayenyonyesha aseme hivyo kabla ya kuandikiwa dawa yoyote. Si wote wanaopona kabisa. Wengine hupunguziwa makali tu, wakaweza kulala.

Tembe zikishindwa, daktari aliyehitimu anaweza kudunga dawa ya ganzi karibu na neva yenyewe. Aliye na maumivu ya zaidi ya miezi mitatu arejee alikopasuliwa na karatasi alizopewa siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, aombe rufaa, iwe ni mjini Murang'a, Nyeri au Nairobi. Homa, usaha au mguu kulegea havingoji miezi mitatu; hapo ni kukimbia hospitalini siku hiyo hiyo.

Nyumbani, kovu lililofunga kabisa huweza kuzoezwa: lisuguliwe taratibu kwa pamba dakika chache kila siku, kisha kwa kitambaa cha leso, na baada ya wiki kadhaa kwa taulo, hadi ngozi izoee kuguswa tena.