Mistari na Mashimo Chini ya Macho: Je, Nitafute Dawa?

Mtu akijitazama katika kioo asubuhi, mara nyingi hutazama macho kwanza. Mmoja anaona mistari midogo pembeni. Mwingine anaona bonde linaloshuka toka pembe ya jicho, karibu na pua, kwenda shavuni. Mwingine anaona weusi, au vifuko vilivyovimba. Kisha anakwenda sokoni, na jirani anamwuliza: «Mama, unaumwa? Hukulala?» Naye haumwi, tena alilala vizuri. Neno hili linauma.

Zamani mtu hakuwa na la kufanya. Siku hizi, katika miji mikubwa na katika simu, watu wanauza mafuta, sindano na upasuaji wa kuondoa alama hizi. Labda wewe mwenyewe umeanza kuhesabu fedha zako. Hatutakucheka. Kupenda uso mzuri ni jambo la watu wote. Ndiyo sababu tunasuka nywele na kujipakaa mafuta. Lakini jicho likipotea halinunuliwi tena. Basi soma kwanza, kisha amua.

KWA NINI ALAMA HIZI ZINATOKEA?

Ngozi ya chini ya jicho ni nyembamba kuliko ngozi ya mahali pengine mwilini. Unene wake ni kama nusu ya milimita tu. Chini yake kuna msuli wa mviringo, ambao kazi yake ni kufumba jicho. Nyuma ya msuli kuna mafuta yanayolilinda jicho, kama majani makavu yanavyolinda mayai ndani ya kikapu. Chini ya yote kuna mfupa.

Ngozi ya kijana ikivutwa inarudi upesi. Lakini miaka ikipita ngozi inalegea. Mafuta ya shavu yanapungua na kushuka. Hata mfupa unapungua kidogo. Tena ule ukuta mwembamba unaoshika mafuta ya jicho unachoka, na mafuta yanasukumwa mbele. Hapo kifuko kinatokea, na chini yake bonde. Mistari ya pembeni inatokea mahali msuli unapokunja ngozi kila siku, tunapocheka na tunapokaza macho katika jua. Jua kali na moshi wa sigara huharakisha mambo haya.

Sisi wenye ngozi nyeusi tunalindwa kidogo na rangi yetu. Mara nyingi mistari inachelewa kwetu. Lakini weusi chini ya macho ni wa kawaida kwetu. Watu wengi wameurithi kwa wazazi wao. Kusugua macho kila siku, kwa sababu ya mavumbi, moshi au kuwashwa, huongeza weusi huo.

Jaribu jambo hili. Simama karibu na dirisha na uinue uso wako kuelekea mwangaza. Kama weusi unapungua sana, haukuwa rangi. Ulikuwa kivuli cha bonde. Kama unabaki vilevile, ni rangi ya ngozi. Lishike neno hili, maana hakuna mafuta yanayoweza kuondoa kivuli, wala sindano ya kujaza bonde haiondoi rangi. Watu wengi wamepoteza fedha kwa kutojua tofauti hii.

KWANZA ANGALIA KAMA SI UGONJWA

Mara nyingine macho yanatuambia habari za mwili mzima. Usifikiri uzuri kabla ya kuangalia mambo haya:

1. Mtoto anahara au anatapika, na macho yake yamezama. Hii ni hatari kubwa! Maji ya mwili yamepungua. Mpe maji ya chumvi na sukari mara moja. Kama huna paketi ya dawa hiyo, twaa lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, utie vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa. Mpe kidogo kidogo mkiwa njiani kwenda hospitali. Usingoje kesho.

2. Mtu mzima amekonda upesi, na macho yameingia ndani. Inaweza kuwa kifua kikuu, ugonjwa wa sukari, virusi vya UKIMWI, au chakula hakitoshi. Apimwe.

3. Uso unavimba kuzunguka macho kila asubuhi, na miguu inavimba pia. Pengine figo ni mgonjwa. Apimwe mkojo.

4. Vuta kope la chini, utazame ndani. Kama ni jeupe badala ya jekundu, damu imepungua. Sababu ni malaria, minyoo, hedhi nyingi, au chakula kisichofaa.

5. Jicho moja tu limezama au limetokeza nje, au mtu anaona kitu kimoja kama viwili. Aende upesi kwa munganga wa macho.

Ukijaza bonde la ugonjwa kwa sindano, umepaka rangi nyumba inayoungua.

MAMBO YASIYOTAKA FEDHA NYINGI

Lala saa za kutosha, na uinue kichwa kidogo kwa mto. Uvimbe wa asubuhi utapungua. Weka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya macho kwa dakika chache. Acha kuyasugua, kama yanawasha, tafuta dawa ya kuwasha. Vaa kofia katika jua. Acha sigara. Kula maharagi, sombe, lengalenga, na samaki wadogo kama sambaza. Mambo haya hayajazi bonde, lakini yanasaidia ngozi na damu, wala hayamdhuru mtu.

Kuna mafuta ya jamaa ya vitamini A yanayopunguza mistari midogo, lakini polepole, baada ya miezi mingi. Yanaweza kuunguza ngozi nyembamba ya kope. Mwanamke mwenye mimba asiyatumie. Uliza munganga kwanza.

MAFUTA YANAYODANGANYA

Sasa angalia sana! Sokoni kuna mafuta na sabuni za «kusafisha» weusi. Nyingine zina kortizoni ya nguvu. Ukiipaka karibu na macho kwa muda mrefu, ngozi inazidi kuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na mistari inaongezeka. Tena mgandamizo ndani ya jicho unaweza kupanda na kuua mshipa wa kuona, au mboni ikafunikwa na mtoto wa jicho. Nyingine zina idrokinoni. Ikitumiwa miaka mingi bila munganga, inaweza kuleta weusi wa kibluu usiotoka. Nyingine zina zebaki, ambayo ni sumu ya figo na ya mishipa ya fahamu. Kama paketi haina maandiko ya vitu vilivyomo, usiipake karibu na macho yako.

SINDANO YA KUJAZA BONDE

Dawa inayotumiwa zaidi inaitwa asidi hialuroniki. Si kitu kigeni kwa mwili. Imo katika ngozi, katika viungo na ndani ya jicho. Karl Meyer na John Palmer waliigundua mwaka 1934 katika macho ya ng'ombe. Siku hizi inatengenezwa kama maji mazito, na munganga anaitia chini ya ngozi ili kuinua bonde. Mwaka 2022 serikali ya Marekani iliikubali moja ya dawa hizi kwa kazi ya bonde la chini ya macho.

Faida yake ni hii: bonde linapungua siku ileile, na mtu anaonekana amepumzika. Lakini haikai siku zote. Kwa watu wengi kazi yake inapungua baada ya mwaka mmoja hivi, au zaidi. Tena ikitiwa juujuu inaonekana kama alama ya kibluu, na ikivuta maji inaongeza uvimbe. Mtu mwenye vifuko vikubwa mara nyingi hasaidiwi, anazidi kuvimba.

Hatari kubwa ni moja. Mishipa ya damu ya uso imeungana na mishipa ya jicho. Kama sindano inaingia ndani ya mshipa, dawa inaweza kusukumwa mpaka jichoni na kuuziba mshipa wake. Mtu anapofuka, na mara nyingi haoni tena. Jambo hili ni la nadra. Lakini limetokea hata mikononi mwa waganga wenye ujuzi. Alama zake ni maumivu makali, ngozi kuwa nyeupe au ya madoadoa, na jicho kuingia giza. Hapo hatuhesabu siku, tunahesabu dakika. Iko dawa ya kuyeyusha asidi hii, nayo huitwa hialuronidazi. Mtu anayetia sindano bila kuwa na dawa hiyo mezani hafai kukugusa.

SINDANO YA KULEGEZA MSULI

Sindano hii inatokana na sumu ya botulini, inayotengenezwa na vijidudu. Daktari Alan Scott wa Marekani aliijaribu kwa macho ya makengeza. Baadaye, katika Kanada, Jean Carruthers, munganga wa macho, aliona kwamba mikunjo ya wagonjwa wake inapotea. Yeye na mume wake Alastair waliandika habari hiyo mwaka 1992. Sehemu ndogo sana ya sumu inalegeza msuli kwa miezi 3 au 4. Inafaa kwa mistari ya pembeni, si kwa bonde. Ikitiwa mahali pabaya, kope linaweza kulegea mpaka nguvu ya dawa iishe.

UPASUAJI WA KOPE

Kwa vifuko vikubwa, upasuaji ndio unaofaa zaidi. Munganga anapunguza mafuta yaliyotokeza, au anayahamisha kuyajaza katika bonde. Matokeo yanakaa miaka mingi. Lakini ngozi ikikatwa kupita kiasi, kope linavutwa chini, na jicho linakauka na kulia machozi daima. Mara chache sana damu inamwagika nyuma ya jicho, na kuona kunaweza kupotea. Kazi hii ni ya bingwa, katika chumba cha upasuaji, si ya nyumba ya kusukia nywele.

MIKONO ISIYOJUA

Huko Marekani, katika jimbo la New Mexico, nyumba moja ya urembo isiyo na ruhusa ilichoma nyuso za wanawake kwa sindano ndogondogo na kupaka damu yao wenyewe. Mwaka 2018 ilionekana kwamba mteja mmoja alipata virusi vya UKIMWI. Baadaye wengine walionekana, na habari kamili ilitolewa mwaka 2024. Mwaka huohuo watu katika majimbo kadhaa ya Marekani waliugua kwa sababu ya sindano za botulini za bandia. Kama mambo haya yanatokea katika nchi yenye ukaguzi mwingi, itakuwaje kwa sindano inayotiwa katika chumba cha hoteli, na mtu anayeondoka kesho?

Pia kataa silikoni ya maji. Ikiingia haitoki kwa urahisi, nayo inaweza kuharibu uso hata baada ya miaka.

NAMNA YA KUAMUA

Tuseme wako wanawake wawili. Wa kwanza ana miaka 32. Amezaa mwaka uliopita, ana mtoto anayelia usiku, na kope lake ni jeupe ndani. Anataka sindano kwa sababu mume wake alisema, «Umezeeka.» Huyu anahitaji dawa ya damu, usingizi, na mume anayebeba mtoto usiku. Tena mwanamke anayenyonyesha asitiwe sindano hizi.

Wa pili ana miaka 55. Ni mzima, amepimwa. Vifuko vya macho yake ni kama vya mama yake, navyo vinamsumbua miaka mingi. Fedha ni zake, hazina deni. Amemwona bingwa, amesikia hatari zote, amengoja miezi 3, na bado anataka. Huyu akiamua kufanya, hatuna la kumlaumu. Akiamua kuacha, hatuna la kumsifu kupita kiasi. Uso ni wake.

Wewe je? Jibu maswali haya kabla ya kutoa hata franka moja:

1. Je, nimepimwa, na ugonjwa haupo?
2. Alama yangu ni nini: rangi, kivuli, kifuko au mistari? Je, dawa ninayouziwa ni ya alama hiyo?
3. Ni mimi ninayetaka, au ni neno la mtu mwingine?
4. Kama ni sindano, itarudiwa mara ngapi? Nihesabu fedha za miaka 5, nizilinganishe na karo za watoto na akiba ya nyumba.
5. Anayenitibu alijifunza wapi? Je, ataonyesha karatasi zake, chupa ya dawa iliyofungwa, na sindano mpya?
6. Hatari ikitokea usiku, nitampata wapi?
7. Nikipata nusu tu ya nilichotarajia, je, nitaridhika?

Kama jibu moja halipo, ngoja. Bonde la chini ya jicho halikimbii. Litakuwapo mwezi ujao, na dawa pia. Mwuzaji akikuambia, «Leo tu, kesho bei itapanda,» funga mfuko wako uende nyumbani.

Tena ujue neno hili: waliokupenda hawakuanza kukupenda kwa sababu ya ngozi ya nusu milimita. Ukimwona jirani ana macho ya kuchoka, usimwulize mbele ya watu kama anaumwa. Mwite pembeni, umwulize kama anakula, kama analala, na kama amepimwa damu. Ikiwa hajapimwa, msindikize hospitali.