Pampu ya inchi 3, usiifungie bomba la inchi 2

Vijana wengi wakibana bajeti hupunguza bomba la kuvuta. Hapo ndipo hasara inapoanza. Hewa ya nje ndiyo inayosukuma maji yapande hadi kwenye pampu, na nguvu yake ina kikomo: shambani usizidishe kina cha mita 6, na nyanda za juu punguza tena.

Lita 500 kwa dakika kwenye inchi 3 hukimbia karibu mita 1.8 kwa sekunde. Ukizilazimisha zipite inchi 2, zaidi ya mita 4! Msuguano unakula nguvu, mapovu yanatokea ndani, unasikia mlio kama wa kokoto, impela inalika.

Kwa hiyo bomba la kuvuta lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu. Liwe fupi, kona chache. Bomba la kusukuma likiwa jembamba, utapoteza mafuta. La kuvuta likiwa jembamba, utapoteza pampu.