Cheo cha Jeshini Pekee Hakimpandishi Afisa Mwanamaji Meli ya Biashara

Afisa wa Jeshi la Wanamaji aliyeongoza chombo cha doria kwa miaka mingi hawezi, siku chache baada ya kustaafu, kushika zamu ya kuongoza meli ya mizigo. Kinachomzuia si ujuzi wake, bali ni cheti.

Vyeti vya mabaharia wa meli za biashara hutolewa kwa kufuata mkataba wa kimataifa ujulikanao kama STCW, uliopitishwa mwaka 1978 na kufanyiwa marekebisho makubwa Manila mwaka 2010. Ibara ya tatu ya mkataba huo haihusishi manowari wala vyombo vya serikali visivyofanya biashara. Hivyo cheo cha kijeshi, hata kiwe kikubwa namna gani, hakigeuki chenyewe kuwa cheti cha umahiri.

Anayetaka kuwa afisa wa zamu ya sitaha katika meli ya tani 500 za ujazo au zaidi hutakiwa kuwa na utumishi wa baharini usiopungua miezi 12 ndani ya programu ya mafunzo iliyoidhinishwa, au miezi 36 nje ya programu hiyo. Huongezewa sifa za mawasiliano ya redio, mafunzo ya kujiokoa majini, kuzima moto na huduma ya kwanza, pamoja na cheti cha afya.

Kwa Tanzania Bara, vyeti hivyo husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na mafunzo hutolewa na Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI). Zanzibar ina mamlaka yake ya usafiri baharini.

Jambo linalohitaji maandalizi ya mapema zaidi ni uthibitisho wa utumishi. Kumbukumbu za safari za manowari si nyaraka za wazi. Mstaafu hawezi kuzichukua tu na kuzipeleka kwa mwajiri. Ni vema afisa aombe barua rasmi angali kazini, ikitaja ukubwa wa chombo, tarehe na majukumu aliyoyatekeleza. Kwa mhandisi, nguvu za mitambo nazo zitajwe, kwa kuwa madaraja ya vyeti vya uhandisi hupangwa kwa kilowati.

Asiyetaka kurudi majini anaweza kufikiria ulinzi wa bandari, upimaji wa kina cha bahari, uwakala wa meli au karakana za matengenezo, ambako cheti cha kuongoza meli kwa kawaida si sharti.