Molekuli ni zile zile, mwanga ni tofauti: juu ya nini?



Siku moja ku TP, tuliponda majani ya lengalenga ndani ya alkoli. Tulipoimulika ile maji ya kijani kwa taa ya bluu, ikawaka nyekundu! Jani zima, macho haikuona kitu. Ku raporti niliandika: "maji iko na klorofili mingi zaidi." Kumbe nilikosea. Ndani ya jani, klorofili imepangwa karibu na molekuli zingine zinazopokea nguvu yake kwa kazi ya usanisinuru. Ndani ya alkoli hakuna wa kuipokea, njo inatoka kama mwanga.

Kosa hilo lilinifanya nisome juu ya polima, ile minyororo mirefu ya molekuli. Plastiki ya sashe haiwaki, juu elektroni zake zimefungwa mahali pamoja. Lakini kuna polima ambamo vifungo vinapishana: kimoja, viwili, kimoja, viwili. Humo elektroni zinatembea. Mwaka 1990, kikundi cha Burroughes, Bradley na Friend kule Cambridge, Uingereza, kilionyesha kwamba filamu nyembamba ya polima inayoitwa PPV, ikipitishwa umeme, inatoa mwanga wa kijani-manjano.

Rangi inategemea nini?

Kwanza, urefu wa njia. Mnyororo ukinyooka, elektroni zinapata nafasi kubwa, mwanga unavuta upande wa nyekundu. Ukipindwa au ukikatika, unavuta upande wa bluu.

Pili, majirani. Hapa sisi watu wa agronomia tunaelewa haraka: ni kama mahindi. Ukipanda bila kuacha nafasi, mavuno inashuka. Minyororo ikibanana, nguvu inaruka toka mmoja kwenda mwingine na mara mingi inapotea kama joto. Kwa hiyo wanakemia wanaongeza matawi ya pembeni ili kuitenganisha.

Tatu, kasoro ndogo. Polifloreni inatoa bluu nzuri. Oksijeni ikiharibu vipande vichache tu, nguvu ya mnyororo inakimbilia pale penye kasoro, na filamu inaanza kutoa kijani.

Leo ningeandika ile raporti vingine. Kabla ya kuuliza "kiko ngapi?", ningeuliza "kimepangwa namna gani, na jirani yake ni nani?"

Na wewe, ni TP gani uliandika jibu, kisha ukaelewa nyuma ya miaka?