Kutoka Mbweni Hadi Kizimkazi

Atakaye kuizuru pwani ya kusini ya Unguja mwishoni mwa juma asiikimbilie Kizimkazi kama wafanyavyo wengi, ambao huipita njia ya uwanja wa ndege bila ya kugeuza shingo upande wa Mbweni. Kwani hapo, mwendo mfupi tu kutoka Mji Mkongwe, pana habari zinazostahiki asubuhi nzima. Shamba la Mbweni lilinunuliwa mwaka 1871 na wamisionari wa Kiingereza wa UMCA, wakalifanya maskani ya watumwa waliookolewa majahazini, wakaweka na skuli ya wasichana, ambayo tangu mwaka 1877 ilisimamiwa kwa miaka mingi na Bibi Caroline Thackeray. Magofu ya skuli hiyo yangalipo ufukweni, na kanisa la Mtakatifu Yohana, lililotabarukiwa mwaka 1882, halijahamwa. Jirani yake alikaa Sir John Kirk, balozi wa Uingereza na mjuzi wa mimea, aliyepanda hapo miti ya nchi za mbali.

Mbele ya Mbweni baharini ni kisiwa cha Chumbe, chenye mnara wa taa wa mwaka 1904, ambacho matumbawe yake yamehifadhiwa tangu 1994 ili samaki wapate kuzaana.

Lakini uhondo wa safari ni kitoweo, na kitoweo hufuata maji. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, bahari hupwa mbali, na wanawake wa Fumba na Kizimkazi huteremka miambani na vijiti vyao kumtafuta pweza, ambaye hujifichua mwenyewe kwa maganda ya kaa na chaza anayoyatupa mlangoni mwa shimo lake. Akishapatikana hupigwa juu ya jiwe hata nyama ilegee, akachemshwa kwanza kwa maji yake mwenyewe mpaka rangi iive, ndipo akatiwa kitunguu thomu, bizari, ndimu na tui la kasimile. Na kwa rai yangu, akiliwa na wali wa nazi, hata nguru wa kupaka hamfikii.

Siku ya pili ni ya Kizimkazi Dimbani, penye msikiti ambao kibla chake kina maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladi, yaliyo miongoni mwa ya kale kabisa katika mwambao wetu. Msikiti huo ungali unasaliwa, basi mgeni na abishe hodi, avue viatu na avae kwa sitara.

Karibu yake, katika Ghuba ya Menai iliyowekwa chini ya hifadhi mwaka 1997, huogelea pomboo, na hapa ndipo moyo wangu huumia, kwani mashua nyingi huwazingira na kuwafukuza hata wakakosa kupumzika na kunyonyesha watoto wao. Ewe msomaji, ukifika huko mwambie nahodha apunguze mashine na akae mbali, wala usiruke majini juu yao. Pomboo akitaka kukutazama, atakuja mwenyewe.