Majira ya Theluji Yaliyomfikisha Boston

Katika mji wa Syracuse, jimbo la New York nchini Marekani, theluji si jambo la kushangaza. Upepo wa baridi hupita juu ya Ziwa Ontario, huchota unyevu wa maji yake, na ufikapo nchi kavu huumwaga kwa sura ya theluji, tangu Novemba hadi Machi. Mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Katika giza na dhoruba ya namna hiyo, Desemba 1966, msichana wa miaka 19 na mwanamume wa miaka 50 walikuwa wakikimbia barabarani huku wakibishana.

Msichana huyo ni Kathrine Switzer, mwanafunzi wa uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Syracuse. Chuo hakikuwa na timu ya wanawake ya mbio ndefu, hivyo alifanya mazoezi pamoja na wanaume. Mwenziwe, Mzee Arnie Briggs, alikuwa mpeleka barua wa chuo, aliyekwisha kukimbia marathoni ya Boston mara 15. Kila jioni alimsimulia binti huyo visa vya Boston ili kusahaulisha baridi. Usiku ule Kathrine akachoka na masimulizi, akasema yafaa waende kuikimbia wenyewe. Mzee akakataa katakata: umbali wa kilomita 42 haumwezi mwanamke.

Asilaumiwe peke yake. Siku zile mbio ndefu kabisa za wanawake katika michezo ya Olimpiki zilikuwa za mita 800. Walikuwapo watu, tena wasomi, walioamini kwamba mwanamke akikimbia mbali kizazi chake kitaharibika, au ataota ndevu. Kathrine akamkumbusha Mzee habari za Bobbi Gibb, ambaye Aprili 1966 alijificha kichakani karibu na mahali pa kuanzia Boston, akaingia katikati ya wanaume bila ya namba, na kumaliza kwa saa 3 na dakika 21. Mzee hakusadiki. Hata hivyo aliweka sharti: Kathrine akiweza kuukimbia umbali wote katika mazoezi, yeye mwenyewe atampeleka Boston.

Marathoni ya Boston hukimbiwa mwezi wa Aprili. Kwa hiyo mtu wa nchi za theluji anayeitamani hana budi kujiandaa wakati ule ule ambao jirani zake wamekaa karibu na moto. Na baridi ni mdanganyifu. Mkimbiaji hutoka mlangoni akitetemeka, amejifunika nguo nzito. Baada ya muda mfupi jasho limemlowesha, na fulana ya pamba iliyolowa, ikipigwa na upepo, hunyonya joto la mwili kwa haraka. Ndiyo sababu wazoefu huvaa nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, na hukubali kuondoka nyumbani wakisikia baridi kidogo. Vidole, pua na masikio hutangulia kufa ganzi, maana mwili hupunguza damu iendayo huko ili kulinda moyo na viungo vya ndani. Kiu nayo hupungua, ingawa jasho linaendelea kutoka. Wengi husahau kunywa maji kwa kuwa hawaoni joto. Penye barafu hatua hufupishwa, na mwendo husahauliwa kabisa.

Kathrine na Mzee wake waliongeza umbali kidogo kidogo majira yale yote. Wiki tatu kabla ya mashindano walikimbia kilomita 42 kamili. Walipokaribia mwisho, Kathrine alishuku kwamba pengine wamekosea vipimo, kwani alijiona bado ana nguvu. Akaomba waongeze kilomita nane. Mzee alikubali kwa shida. Walipomaliza, msichana alimkumbatia kwa furaha, naye Mzee akazimia. Kesho yake alimfuata bwenini kumhimiza ajiandikishe rasmi. Kanuni hazikutaja jinsia. Kathrine alitia saini kama alivyozoea, K. V. Switzer, akapewa namba 261.

Mchumba wake, Tom Miller, mtupa nyundo mwenye uzito wa zaidi ya kilo 100, naye aliamua kushiriki. Kwa hoja kwamba kama msichana aweza basi yeye hashindwi, hakuona haja ya mazoezi.

Tarehe 19 Aprili 1967 ilikuwa siku ya baridi kali, mvua na theluji vikianguka pamoja. Kathrine alikuwa ametayarisha nguo nzuri za kukimbilia, lakini hali ya hewa ilimlazimisha kubaki na sweta na suruali zake za mazoezi. Pengine mavazi hayo ndiyo yaliyomsitiri machoni pa wasimamizi. Hawakumtambua hadi barabarani, gari la waandishi wa habari lilipomkaribia. Msimamizi mmoja, Jock Semple, alimrukia, akamkemea na kujaribu kumpokonya namba. Tom alimsukuma kwa bega hadi kando ya njia. Picha za tukio hilo zilienea duniani.

Baada ya hapo Kathrine alikuwa na hofu na aibu, na kilomita nyingi zilikuwa bado mbele yake. Alifahamu kwamba akiacha, watu watasema wanawake hawawezi. Alimaliza kwa muda wa saa 4 na dakika 20 hivi, miguu yake ikiwa na malengelenge yanayotoka damu. Bobbi Gibb, bila ya namba vile vile, alikuwa amekwisha kumaliza takriban saa nzima kabla yake.

Boston iliwafungulia wanawake mlango rasmi mwaka 1972, na Olimpiki ikaweka marathoni yao mwaka 1984 huko Los Angeles. Tarehe 17 Aprili 2017, Bibi Switzer, mwenye umri wa miaka 70, aliirudia njia ile ile akiwa na namba 261, akamaliza kwa saa 4 na dakika 44. Safari hii hapakuwa na theluji. Jua lilikuwa kali. Mshindi wa wanawake siku hiyo alikuwa Edna Kiplagat wa Kenya, mama wa watoto, aliyetumia saa 2, dakika 21 na sekunde 52.